Kompyuta ya Kuokolea Kanda na Picha za Nyumbani

Ukishaingia chuo, nyumbani unahesabiwa fundi wa kila kitu. Mie nasoma ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni Kiswahili na Historia, lakini printa ya jirani ikigoma naitwa mie, na chaneli za TV zikipotea naitwa mie. Kwa hiyo sikushangaa sana msimu wa karafuu uliopita mjomba aliponipigia simu kutoka Wete. "Mwanangu, tumechanga kidogo. Tutafutie kompyuta ya kutengenezea zile kanda za harusi na picha za bibi yako."

Kanda zenyewe ni tatu, za VHS, za harusi yake ya mwaka 1998. Picha ni kama sabini hivi, zimelala kwenye kopo la biskuti. Kanda ya kwanza ni ya nikahi, ya tatu ni ya walima. Ya pili ndiyo yenye mambo: ni ya upande wa wanawake, ndani ya nyumba, watu wamevua mabuibui, wanaimba, wanapika, wanapakana hina. Ndiyo maana mjomba hakutaka kuipeleka dukani kwa mtu asiyemjua, na ndiyo maana kazi haikupewa kaka yangu, ambaye anajua kompyuta kunizidi mie. Humo humo yumo mama yangu mdogo, Mungu amrehemu. Alikuwamo ndani ya ile meli ya Septemba 2011 iliyozama ikitoka Unguja kuja Pemba. Mie nilikuwa na miaka minane. Picha zake tunazo, lakini sauti yake na mwendo wake havipo pengine popote isipokuwa kwenye ile kanda. Najua wengi mnaosoma hapa mna kitu cha namna hiyo nyumbani, kwa hiyo sitoeleza zaidi.

Mchango ulikuwa shilingi milioni moja na laki mbili. Haya ninayoandika ni maelezo ya jinsi zilivyotumika, pamoja na nilipokosea, ili mwengine akitumwa asianze na giza kama mie.

Kosa la kwanza lilikuwa kuanza na kompyuta. Niliingia madukani Darajani nikiwa nimeshaamua: nataka laptopu ya gemu, ile yenye kibodi inayowaka nyekundu, yenye kadi ya grafiki ya peke yake, kwa sababu kila video ya mafunzo niliyoitazama ilisema kuhariri video kunataka mashine nzito. Muuzaji naye, kwa nini anizuie? Aliyenizuia ni rafiki yangu mmoja anayesoma ICT. Aliniuliza swali moja tu: "Hiyo video unayotaka kuhariri ina ukubwa gani?" Sikuwa na jibu.

Jibu ni hili. Kanda za VHS za kwetu zimerekodiwa kwa mfumo wa PAL, na zikiingizwa kwenye kompyuta zinakuwa picha ya pikseli 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Zidisha, utapata pikseli 414,720 kwa kila fremu. Video ya 4K ya simu ya leo ni pikseli 3840 kwa 2160, yaani 8,294,400. Gawa mwenyewe: ni mara 20 kamili. Kwa hiyo ile mashine ya kutisha inayosifiwa kwenye mafunzo inasifiwa kwa kazi iliyo kubwa mara ishirini kuliko yangu. Harusi ya mwaka 1998 inaharirika bila ya jasho kwenye laptopu ya ofisini ya mwaka 2018. Anayetaka kuhariri 4K ya simu naye ana njia: programu nyingi zinaweza kutengeneza nakala nyepesi za video, ukahariri juu ya hizo, na mwisho programu ikarudi kwenye zile kubwa wakati wa kutoa kazi. Kompyuta itachelewa kidogo kumaliza, basi. Nawe utakuwa umelala.

Kinachokula pesa kwa kweli ni mambo mawili: kuitoa video kwenye kanda, na kuihifadhi ikishatoka. Kompyuta iko katikati, na ndiyo rahisi kuipata kuliko vyote.

Tuanze na kuitoa. Unahitaji deki. Sasa deki mpya hakuna tena duniani: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa imebaki peke yake kuzitengeneza, iliacha Julai 2016. Zilizopo ni zile zilizofunikwa kitambaa cha kudarizi kwenye kabati za wazee wetu. Tuliipata moja kwa jirani, haijawashwa miaka, na fundi wa Chake Chake akaifungua, akasafisha kichwa kwa spiriti na kubadilisha mkanda wa mpira uliolegea. Alichukua shilingi elfu kumi na tano. Hiyo ndiyo pesa niliyoitoa kwa furaha kuliko zote.

Halafu ikague kanda kabla hujaitia ndani ya deki. Kanda ya video ni utepe wa plastiki uliopakwa chembe za sumaku zilizogandishwa kwa gundi, na gundi hiyo haipendi unyevu. Sisi tunakaa kisiwani, nguo zenyewe zinaota ukungu kabatini wakati wa masika, seuze kanda ya miaka ishirini na saba. Itazame kwenye kile kidirisha cha kioo: ukiona weupe kama unga wa ngano pembeni mwa utepe, huo ni ukungu, usiithubutu. Ukiitia utauchafua mtambo, na kanda nzuri itakayofuata nayo itaambukizwa, na utepe wenyewe unaweza kunata na kukatika. Kanda zetu mbili zilikuwa safi. Ya tatu, ya walima, ina ule unga.

Kutoka kwenye deki unapitisha zile waya tatu, njano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti, mpaka kwenye kidude kidogo cha USB kinachogeuza mawimbi ya deki kuwa data. Vidude hivi ni vya bei nafuu, changu kilikuwa elfu arubaini na tano, na ubora wake unatofautiana vibaya. Kasoro kubwa ya vile vibovu ni sauti kuachana na picha taratibu, mpaka baada ya saa moja bwana harusi anafunga midomo ndipo unasikia "nimekubali". Jaribu kwa dakika ishirini kwanza, si kwa dakika mbili, kisha utazame mwisho wa kipande.

Kosa la pili nililifanya hapa. Programu iliyokuja na kidude ilinipa chaguo la kurekodi moja kwa moja kuwa MP4 ndogo, nikafurahi, saa tatu nzima zikatoka faili la GB mbili. Lilipofunguka, nyuso zote zimekuwa vigae. VHS ina chengachenga nyingi, na kodeki ya kubana inapokutana na chengachenga inadhani ni kitu cha maana, inazihifadhi zile na kuzitupa nyuso. Ikabidi nirudie kwa VirtualDub, programu ya bure, na kodeki ya Huffyuv ambayo haipotezi kitu. Gharama yake ni nafasi: kati ya GB 30 na 40 kwa kila saa. Kanda ya E-180 ni dakika 180, kwa hiyo weka GB 100 au zaidi kidogo kwa kanda moja. Hapo ndipo utaelewa kwa nini ile laptopu yenye SSD ya GB 256, ambayo nusu yake inaliwa na Windows na programu zake, haitoshi peke yake hata ikiwa na prosesa ya ajabu.

Na kumbuka kanda haina njia ya mkato. Saa tatu za harusi zinachukua saa tatu kuingia, hazipungui. Hapa ndipo umeme unapoingia kwenye hesabu. Tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme wa gridi kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga; kabla ya hapo tulikuwa tunategemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Waya ule umebadilisha maisha, lakini umeme bado hukatika, na wakati mwengine si kukatika, ni Tukuza imekwisha na aliyetumwa kununua hajarudi. Nilijigamba kwamba laptopu ina betri, haitozimika. Haikuzimika kweli. Iliyozimika ni deki, ambayo haina betri, na programu ikaendelea kwa uaminifu mkubwa kurekodi kioo cha buluu kwa dakika arubaini. Kwa hiyo UPS ndogo ni lazima, na iwe ya deki kwanza. Deki hainywi umeme mwingi, wati chache tu, kwa hiyo hata UPS ya duka la kawaida inaisogeza mpaka ukasimamisha kanda kwa utaratibu.

Sasa kompyuta. Mtu wa Pemba mwenye mfuko kama wetu atanunua iliyotumika, zile zinazotoka maofisini Ulaya na Dubai kisha zikafika Kariakoo na Darajani. Sioni aibu yoyote hapo. Laptopu za maofisini zimejengwa imara, na zinafunguka kwa bisibisi ya kawaida. Nilizozitazama ni HP EliteBook 840 G5, Lenovo ThinkPad T480 na Dell Latitude 5490, zote za mwaka 2018, zote zina nafasi mbili za RAM. Nilichukua EliteBook yenye i5 kwa shilingi laki sita na elfu kumi.

Usidanganywe na kibandiko cha i7. Soma namba inayofuata kistari. i5-8250U ni kizazi cha 8, kwa sababu tarakimu ya kwanza ni 8. I7-3520M ni kizazi cha 3, na ina koa mbili tu wakati ile i5 ina nne. Nilimsikia kaka mmoja dukani akilipa zaidi kwa i7 ya kizazi cha 3, nikataka kumwambia, nikaona si adabu mbele ya muuzaji. Bado inanikera. Kizazi cha 8 ni mstari mzuri wa kukata kwa sababu nyengine pia: Windows 11 inazikubali rasmi prosesa za Intel kuanzia hapo, na Windows 10 iliacha kupewa msaada na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Ukinunua ya chini ya hapo, basi jiandae kuweka Linux, ambayo si vibaya hata kidogo kwa kazi hii.

RAM, GB 16 kama unaweza; nane zinatosha kuanzia endapo kuna nafasi tupu ya kuongeza baadaye. Kadi ya grafiki ya peke yake siiti ni lazima. Inahitajika kwa DaVinci Resolve, ambayo toleo lake la bure ni zuri mno lakini ni zito, na kwa programu za akili bandia ambazo nitazisema mbele. Kwa kukata, kuunganisha na kusahihisha rangi, Shotcut na Kdenlive ni za bure na zinakwenda vizuri kwenye laptopu yangu. (Zile programu za wizi wanazokuwekea dukani kama zawadi, waambie wazitoe. Hujui zimekuja na nini, na kwenye mashine hii utaweka wanawake wa nyumbani kwenu.)

Kioo ndicho ambacho karibu kila mtu anakisahau, na kwa picha kina uzito kuliko prosesa. Laptopu za modeli moja zilitoka na vioo tofauti: T480, kwa mfano, nyengine zina kioo cha pikseli 1366 kwa 768 ambacho ukiinamisha kichwa kidogo nyuso zinageuka rangi, na nyengine zina cha IPS cha 1920 kwa 1080 kinachotulia. Fungua picha ya nyeusi na nyeupe pale pale dukani, uitazame kwa mbele, kwa juu na kwa ubavuni. Kama kivuli cha shavu kinabadilika kila unaposogea, utarekebishaje kivuli cha shavu?

Kabla hujatoa pesa, andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri la Windows. Itakupa ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Niliyoitaka kwanza ilikuwa imebakiza chini ya nusu, nikaiacha. SSD nayo ina umri: programu ya bure ya CrystalDiskInfo inasoma afya yake kwa dakika moja. Ichukue kwenye fleshi. Muuzaji mzuri hatokasirika.

Kuhusu kompyuta ya mezani: kwa pesa ile ile unapata nguvu zaidi, lakini utabeba na kioo chake kwenye boti mpaka Mkoani, na kila umeme ukikatika kazi yako inakwenda. Mac ni nzuri kwa video, ila zile za miaka ya karibuni RAM yake haiongezeki, umenunua ulichonunua. Nimemaliza hapo.

Picha zilinifunza zaidi kuliko video. Nilidhani nitazipiga kwa simu, yaishe. Lakini picha za zamani zina mng'ao na zimejikunja, mwanga wa taa unaingia katikati ya uso, na pembe hazinyooki. Nilinunua skana bapa iliyotumika kwa elfu sabini, na nakushauri ufanye hivyo hivyo, au uazime ya ofisi jioni. Picha ya kawaida ya inchi 6 kwa 4, iskani kwa nukta 600 kwa inchi: utapata pikseli 3600 kwa 2400, na faili la TIFF la karibu MB 26. Picha ya pasipoti ni ndogo, ipe 1200. Negativu, kama skana yako ina taa ya juu, ipe 2400 au zaidi. Usiifute picha kwa kitambaa chenye maji, na iliyogandana na kioo cha fremu usiibandue. Iskani pamoja na kioo chake.

Utaona jambo moja la ajabu. Picha za nyeusi na nyeupe za miaka ya sitini mara nyingi ziko hai kuliko za rangi za miaka ya themanini. Zile za zamani zimetengenezwa kwa fedha, ile fedha ya mkufu. Za rangi zimetengenezwa kwa wino za aina tatu, na katika karatasi nyingi za enzi zile wino wa samawati ndio uliokufa mwanzo hata gizani, ndani ya albamu. Ndiyo maana watu wote wa harusi za wakati ule wameiva wekundu kama waliokaa mbele ya tanuri. Kwenye GIMP unafungua chombo cha viwango, unarekebisha nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake, na kwa dakika tano kanzu inarudi nyeupe. Bibi alipoiona ile ya kwanza alicheka: "Kumbe lile khanga lilikuwa la kijani!" Alikuwa amelisahau.

Mikwaruzo na madoa yanazibwa kwa kunakili sehemu ya jirani. Kazi ya subira kama kuchambua karafuu, na hata mashine ya GB 8 inaiweza.

Halafu kuna picha ya babu. Ni moja tu iliyo kubwa, amesimama mbele ya ukuta wa chokaa, na ukungu umekula upande wa kushoto wa uso, jicho na nusu ya pua. Nilijitahidi siku mbili nikashindwa. Rafiki mmoja akanambia niitie kwenye programu ya akili bandia ya kwenye simu, nikaitia, na baada ya sekunde chache akatoka babu mzima, ngozi laini, macho mawili yanang'aa. Nilikaribia kulia. Nikampelekea bibi. Aliishika simu mbali, akaisogeza karibu, akaniuliza: "Huyu nani?" Nikamwambia ni babu. Akatikisa kichwa. "Huyu mzuri. Lakini siye."

Nikaenda kusoma zinavyofanya kazi. Programu za namna hii, kama GFPGAN iliyotolewa mwaka 2021 na watafiti wa kampuni ya Tencent ya China, zimefunzwa kwa maelfu ya nyuso za watu. Ukiipa uso uliotoboka, haiutafuti uso wa babu yako, hauko popote ndani yake. Inatunga uso unaoelekea kufaa mahali pale, kutokana na nyuso ilizozijua. Jicho la kushoto la babu lilikuwa limelegea kidogo tangu utotoni, bibi anasema, mashine itajuaje? Na ubaya wake ni kwamba haikubadilisha kule kwenye tundu tu, ililainisha na upande uliokuwa mzima. Wajukuu watakaozaliwa wangeurithi uso wa mtu ambaye hakuwahi kuishi Wete wala popote, na wasingekuwa na bibi wa kuwaambia siye.

Kwa hiyo nilirekebisha ukuta, kanzu, kofia na mikono, na pale pa uso nikapaacha kijivu kilichotulia, bila ya jicho. Kisha bibi akakumbuka kitambulisho chake cha kazi, chenye picha ya pasipoti. Tukaiskani kwa 1200. Zimewekwa pamoja kwenye fremu moja sasa, kubwa na ndogo. Ndiyo maana nasema kadi ya grafiki si lazima: watu wengi wanaoitaka kwa ajili ya picha za wazee, wanaitaka kwa kazi hii ya kutunga. Kuondoa chengachenga na mikwaruzo kwa akili bandia sina ugomvi nako. Uso, mie sitii mkono.

Kwenye kanda nako nilikuwa karibu kufanya dhambi hiyo hiyo kwa njia nyengine. VHS inagawa kila fremu nusu mbili za mistari, na kwenye kioo cha leo kila anayepita anatoka na mistari kama meno ya kitana. Shotcut inaunganisha nusu hizo kwa kubonyeza chaguo moja. Hilo nililifanya. Kisha nikaanza kukata. Kanda ya pili ina dakika ishirini na kitu za jikoni uani: masufuria, moshi, migongo ya watu. Nikasema hapa hapana kitu, tutoe, tubakishe nyimbo, iwe fupi ya kutazamika. Nilikuwa nimeshaweka alama ya kukata nilipoisikia sauti. Mama mdogo amechuchumaa nyuma ya sufuria la pilau, anainua mkono kuziba kamera. "Msinipige mie, nina masizi!" Anacheka, anageuka, kamera inahama. Kama sekunde kumi na moja. Kwenye kanda yote ya saa tatu hayupo pengine.

Mama ameitazama mara nyingi, peke yake, mlango umefungwa. Sikukata kitu. Kama unataka kipande kifupi cha kuwaonesha watu, kitoe kama faili jengine, na lile kubwa libaki lilivyo.

Na hilo kubwa likae wapi? Sisi tulinunua diski za nje mbili za TB 1, laki moja na sitini kila moja. Nakala moja ipo kwenye diski Wete, nyengine alichukua mama mkubwa Tanga mkononi, kwa sababu kuzipandisha GB mia mbili kwa bando la simu ni kufilisika. Diski zote mbili nimezifunga kwa VeraCrypt, ni ya bure, bila ya neno la siri hazifunguki. Neno la siri analijua mama na mke wa mjomba, na limeandikwa kwenye karatasi ndani ya msahafu wa bibi, maana likipotea hakuna fundi wa kulirudisha. Hakuna kilichokwenda WhatsApp. Diski ya Wete iko ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, kwa ajili ya unyevu na chumvi.

Jumlisha, pamoja na UPS ya laki moja na elfu arubaini, utaona milioni na laki mbili imekwisha hadi senti. Nauli ya boti ilitoka mfukoni kwangu. Mjomba, kama gazeti hili litakufikia, sijasahau.

Kanda ya walima bado. Imekaa ndani ya mfuko mkavu inamsubiri mtu anayejua kusafisha ukungu kwa mashine, si kwa kubahatisha. Deki, kidude na UPS vimo chumbani kwangu bwenini mpaka mitihani ianze. Mwenye kanda aje nayo, aje na diski yake, na kama ni ya upande wa wanawake aje mwenyewe, asimtume mtu.